Baka lisilowasha: nilivyomshuku fundi cherehani aliyemposa dada yangu

Wakuu, salaam kwenu nyote. Vijana wanaotaka kuanza na shikamoo, marahaba, nimeshaipokea, tuendelee.

Mie ni mzee ninayekaribia miaka tisini. Naishi Chanika, nafuga kuku wachache, na kila asubuhi baada ya chai nawasoma humu jukwaani. Mara nyingi nacheka peke yangu.

Juzi sikucheka.

Kijana mmoja aliweka picha ya shingo yake. Ana baka jeupe kidogo, halina kipele wala kidonda, anauliza apake nini. Majibu yakamiminika. Mmoja kasema asugue kitunguu saumu. Mwingine kasema maji ya betri (Mungu amlaani). Wa tatu kasema ni mkono wa mpenzi wa zamani huo, atafute mtaalamu.

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza: likiguswa, unasikia?

Niliweka simu mezani, chai ikapoa. Kisha nikaamua kuandika haya. Ni kweli tupu na hayanipambi. Anayetaka kisa ambacho msimuliaji ndiye shujaa, nyuzi ziko nyingi humu, aendelee mbele.

Tuanze.

Ni miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala, sie tunakaa Temeke. Ukitoka nyumbani kwetu upande mmoja ni nyumba za makuti na za bati, upande mwingine ni mihogo ya watu. Baba alikuwa na duka la rejareja. Ukoo wetu una asili ya Uarabuni, tulikuwa tumekaa pwani vizazi kadhaa, na sitaficha, tulikuwa tunajiona.

Mie nilijiona zaidi. Nilikuwa nimemaliza sekondari, jambo adimu mtaani, nikapata ukarani kwenye ghala moja bandarini. Soksi ndefu, kaptula iliyopigwa pasi, kalamu mfukoni. Nilikuwa nadhani mtu akijua Kiingereza anajua kila kitu, pamoja na maradhi.

Kwenye baraza ya duka letu alikuwepo fundi cherehani aliyepanga kwa Baba. Jina lake Idi, kijana Mwislamu kutoka Tabora. Mpole, mcheshi kwa sauti ya chini, na mkono wake kwenye kanzu haukuwa na mpinzani Temeke nzima. Tulikuwa marafiki. Jioni tukila sinia moja.

Idi akamposa dada yangu Zena.

Baba alikubali. Mama alikubali kwa shingo upande, kwa kuwa Idi ni "mtu wa bara". Zena mwenyewe alikubali kabla hajaulizwa. Harusi ikapangwa iwe baada ya mfungo wa Ramadhani.

Sasa hapa ndipo macho yangu yalipoanza kazi.

Niliona Idi anafunga vifungo vya mikono ya shati hadi kwenye viganja, na jua la Dar mnalijua. Nikajiuliza, anaficha nini? Siku nyingine nikamkuta anajikuna shingoni kwa ile rula yake ya mbao. Aliponiona akaiweka chini haraka.

Nikaanza kumchunguza. Nilikuwa nakuja dukani bila sababu. Najifanya natafuta kiberiti, kumbe natazama shingo ya mtu.

Mwishowe nikaona. Madoa ya duara, mekundu, yenye magamba pembeni. Shingoni mawili, mkononi matatu. Mabaya kuyatazama.

Kwetu ukoma haukutajwa jina. Mama aliuita "maradhi makubwa" na kutema mate kidogo pembeni. Basi lile neno likaingia kichwani mwangu na halikutoka tena. Maradhi makubwa. Na huyu ndiye anataka kumuoa dada yangu.

Nisitishe kidogo nieleze jambo moja, maana kisa kizima kimekaa juu yake.

Nyumbani kwetu, ukimwonyesha Mama chochote kwenye ngozi, alikuwa na swali moja tu: "Kinawasha?" Kama kinawasha, utapakwa dawa. Kama hakiwashi, unaambiwa uache kujitazama-tazama kama bibi harusi. Sie wote tuliamini hivyo, mtaa mzima. Ugonjwa wa ngozi ni unaowasha. Usiowasha si ugonjwa.

Na mie nilikuwa na baka.

Lilikuwa mkono wa kushoto, karibu na kiwiko, jeupe kuliko ngozi yangu. Lilianza dogo kama kitufe cha shati, kufikia wakati huo lilikuwa limefika ukubwa wa kitako cha kikombe cha kahawa. Vinyweleo vyake vilikuwa vimepukutika. Nikitoka jasho mkono wote unalowa, pale panabaki pakavu. Haliwashi, haliumi, halitoi magamba. Nikasema ni mba, nikalisahau.

Mnaona? Nilikuwa na macho makali ya kuhesabu madoa ya mwenzangu, na langu nalisugua kwa dodoki kila asubuhi.

Nikaanza vituko. Idi alipokuja nyumbani kula, nikamtengea kikombe chake cha bati, peke yake, mbali na vyetu vya kaure. Sikusema kitu. Kwetu haikuhitaji kusema. Idi akakitazama kile kikombe, akanitazama, akanywa.

Zena alikuwa mlangoni. Alikuja, akakichukua kikombe kile kile mkononi mwa Idi, akateka maji mtungini, akanywa mbele yetu mpaka tone la mwisho. Kisha akanirudishia mie.

"Kaka, kioshe vizuri," akasema. "Wote tumeshakinywea."

Mama alishika mdomo. Idi aliangalia chini lakini nilimwona anatabasamu. Nilichukia sana. Nikajiambia, tayari keshamtia dawa.

Kama wiki mbili kabla ya mfungo, Idi akaniita nikajaribu koti jeupe alilokuwa ananishonea kwa ajili ya harusi. Nilikwenda kwa kusitasita, nikihofia vidole vyake. Akaanza kazi. Mnaojua ushonaji mnajua, fundi hubana kitambaa kwa pini mwilini mwako huku nyingine kaziuma midomoni.

Akafika kwenye kiwiko cha kushoto. Nikahisi mikono yake imesimama.

"Umenichoma?" nikamuuliza.

Akatoa pini mdomoni. "Hebu nitazame usoni, shemeji. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Pini imeingia nusu nzima kwenye nyama yako. Damu inatoka."

Nikatazama. Kweli, damu ilikuwa imechora kidoa kwenye koti jipya, na mie sijui hata ilikuwaje.

Akanivua koti taratibu. Akaliona baka. Hakulishangaa wala hakuruka nyuma. Akasema kwa sauti yake ile ya chini: "Mie haya yangu yananiwasha mpaka silali. Nimesikia kuna daktari wa ngozi, Mzungu, anakuja hospitali ya serikali kila Jumatano. Nilikuwa naogopa kwenda peke yangu. Twende wote. Nionyeshe yangu, uonyeshe lako."

Wakuu, mtu mwenye akili angesema ahsante.

Mie nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia mwizi aliyeona anakamatwa, naye anapiga kelele za mwizi. Nikajiambia, huyu anajua nimemgundua, sasa anataka nami nipakwe tope lile lile. Tena huenda hiyo pini kaitia dawa ya ganzi! Ndiyo, niliwaza hivyo, mie na sekondari yangu.

Na kulikuwa na uvumi mtaani kwamba Wazungu wa hospitali wanatafuta watu wa kuwapeleka kambi ya wakoma, na ukipelekwa huwezi kurudi tena. Nikaona yote ni mtego.

"Ugua peke yako," nikamwambia, nikaondoka.

Jumatano Idi akaenda peke yake. Jioni akaja na kopo la dawa ya kupaka na karatasi ya daktari. Akampa Baba kwa mikono miwili. "Mzee, nimesikia yanayosemwa. Daktari hakunieleza kwa mdomo, kaniandikia. Haya ndiyo majibu yangu."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Baba alijua kusoma Kiarabu na hesabu za duka, Kiingereza hakujua. Akanigeuzia mie. "Tusomee."

Nakumbuka ile karatasi mpaka leo. Ilisema mgonjwa ana choa, ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza, ila si wa hatari, apake dawa na baada ya wiki chache atapona kabisa. Mistari mitatu tu.

Nikasoma kimoyomoyo. Kisha nikasema: "Inasema ana ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza."

Baba akauliza, "Basi?"

Nikasema, "Basi."

Sikusema uongo hata neno moja. Ndiyo ubaya wake. Neno "choa", na kwamba si wa hatari, na kwamba atapona, vyote niliviacha kwenye karatasi. Niliikunja nikamrudishia mwenyewe. Idi hakujua Kiingereza, ila alikuwa anautazama mdomo wangu kama anayehesabu maneno.

"Karatasi yote hiyo, shemeji," akasema, "imesema hayo tu?"

"Kiingereza kina maneno mengi," nikamjibu.

Posa ikarudishwa siku ile ile.

Mtaani habari hazikuhitaji miguu. Kesho yake muuza kahawa wetu, Kombo, mtu wa maneno, alipita barazani mbele ya watu akasema: "Fundi, ukinishonea kanzu yangu, vidole usivisahau ndani!"

Watu wakacheka. Idi naye akajibu hapo hapo: "Nikivisahau nitakupunguzia bei, Kombo." Wakacheka zaidi.

Lakini kufikia alasiri walianza kuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao. Hawakumwambia sababu. Mwingine alikishika kitambaa chake kwa ncha mbili za vidole. Mie nilikuwa ndani ya duka, nikiwahesabu wateja wake wanavyoondoka, na nilijiona nimemwokoa dada yangu.

Kabla mfungo haujaanza Idi alibeba cherehani yake, akahamia Morogoro.

Zena aliacha kunisemesha. Chakula ananiwekea, nguo ananifulia, neno hakuna.

Miezi ikapita. Ghalani kazi yangu mojawapo ilikuwa kufunga bahasha na vifurushi kwa lakiri, ile nta nyekundu inayoyeyushwa kwa moto ikapigwa muhuri. Asubuhi moja nafanya kazi huku nazungumza. Mwenzangu wa meza ya pili akanusa hewa.

"Nani anachoma nyama?"

Alikuwa anauliza kuhusu mie. Lakiri ya moto ilikuwa imemwagikia kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto, imeganda juu yake, na mie naendelea kupiga mihuri. Nilipoibandua ilitoka na ngozi. Sikusikia kitu.

Pale ndipo nilipoogopa kweli.

Nikaenda hospitali Jumatano ya wiki ile ile. Nilikaa kwenye benchi nimejifunika kofia, nikimshuku kila aliyepita kwamba ananijua.

Dresa, msaidizi wa daktari, akaniambia nifumbe macho. Akachukua pamba, akasema kila nitakapohisi imenigusa nionyeshe kwa kidole mahali pale. Nikaonyesha shavuni. Nikaonyesha begani. Kisha nikangoja. Nikangoja sana. Nikasema, "Mbona umeacha?"

"Sijaacha," akasema.

Nikafumbua macho. Alikuwa ananisugua kwenye baka.

Daktari akaja, akabonyeza nyuma ya kiwiko changu, akaupata mshipa wa fahamu uliovimba kama kamba ya katani. Hakunihukumu, hakunipigia kelele. Akaniambia jina la ugonjwa, akaniambia kuna vidonge, akaniambia sihitaji kwenda kambini, nitaendelea kuishi nyumbani na kufanya kazi mradi ninywe dawa bila kukosa. Kisha akauliza kwa nini nimekaa na baka hilo zaidi ya mwaka.

Nikamwambia, "Haliwashi."

Alitikisa kichwa. Akasema hilo ndilo lilipaswa kunileta. Ugonjwa utapona, akasema, ila vidole viwili vya mkono huo vilivyokwisha kuanza kujikunja havitanyooka. Ningekuja mapema, vingepona navyo.

Nikapiga hesabu ya miezi. Jumatano ile ya Idi ingetosha.

Sasa wakuu, hapa mtu mwema angerudi nyumbani na kusema ukweli. Mie nilificha vidonge ndani ya kopo la majani ya chai chini ya kitanda. Nilikuwa namwona kila mtu anautazama mkono wangu. Mtu akicheka mtaani, nadhani anacheka mie. Ile shaka niliyomvika Idi ilinigeukia, na sikuwa na wa kumlalamikia.

Zena ndiye aliyelipata lile kopo, akifagia. Alikuja nalo mkononi. Hakupiga kelele. Alinisemesha kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

"Hivi ni vya nini?"

Nikamwambia.

Akakaa kitandani. Akauliza swali la pili: "Na ile karatasi ya Idi, Kaka. Ilisemaje *yote*?"

Nikamsomea kwa kumbukumbu, mistari yote mitatu.

Hakulia. Alinyanyuka akaniletea kalamu yangu mwenyewe na karatasi. "Mwandikie. Leo."

Nikaandika yote, ya karatasi na ya vidonge vyangu, Baba akatia sahihi kwa Kiarabu. Tulimwomba Idi arudi, posa iko palepale. Baba wakati anatia sahihi hakunitazama.

Jibu lilikuja baada ya kama mwezi. Lilikuwa fupi. Idi aliandika kwamba hana kinyongo na Zena wala na mzee, na kwamba moyo wake haujahama. Lakini hawezi kurudi Temeke kwa barua. Alitolewa barazani mbele ya watu. Kaka yake Zena asimame baraza ile ile, mbele ya watu wale wale, aseme maradhi makubwa yalikuwa ya nani. Siku akisikia limesemwa, yeye atapanda gari siku hiyo hiyo.

Hakudai nimwombe radhi. Alitaka jina lake tu.

Nikasema nitasema Ijumaa, watu wakitoka msikitini.

Ijumaa ikafika. Baraza imejaa. Nimesimama katikati, mkono wa kushoto mfukoni. Najua Zena yuko nyuma ya mlango wa duka, naona ncha ya kanga yake. Kombo ananitazama na birika lake.

"Karani, umesimama kama mtu mwenye hotuba. Una neno?"

Nikafungua mdomo. Nikaona kazi yangu inaondoka. Nikaona zile ncha mbili za vidole walizoshikia vitambaa vyao kwa Idi, sasa wananishikia mie.

"Nataka kahawa," nikasema.

Kombo akanimiminia. Ile ncha ya kanga ikaondoka mlangoni.

Hakukuwa na Ijumaa nyingine. Kila wiki nilisema wiki ijayo, mpaka Zena mwenyewe akamwambia Baba asingoje tena. Aliolewa Bagamoyo na mtu mwema, akazaa, akazeeka, akafariki miaka kadhaa iliyopita. Idi sikumwona tena. Nilisikia alifungua duka la ushonaji huko huko Morogoro, na kwamba naye ametangulia. Mie dawa nilikunywa miaka mingi, nikapona, nikaoa. Mke wangu na watoto hakuna aliyeambukizwa. Vidole vyangu viwili viko hivyo hivyo, naandika haya kwa mkono wa kulia.

Basi nasema sasa, kwa kuwa baraza niliyo nayo ni hii.

Maradhi makubwa yalikuwa yangu. Idi fundi wa Temeke alikuwa na choa, na alipona kwa dawa ya kupaka. Karatasi yake niliisoma nusu, kwa makusudi. Wajukuu wa Idi, kama mko humu na mliwahi kusikia babu yenu alifukuzwa Temeke kwa ukoma, si kweli. Aliyemchafua ni mie.

Nimelisema. Najua limechelewa.

Kwa nyie vijana, somo langu ni hili. Msiwe kama Mama na mie, msipime ngozi kwa muwasho. Baka likibadilisha rangi ya ngozi na halina hisia, halitoi jasho, vinyweleo vinapukutika, hilo ndilo la kukimbiza hospitali. Kidonda kinachokaa wiki kadhaa bila kupona, doa linalokua au kubadilika, vidole vinavyokufa ganzi, nenda zahanati uombe kuonwa na mtu wa ngozi. Siku hizi dawa ya ukoma inatolewa bure hospitali za serikali, na ni ya miezi, si miaka kama yangu. Hakuna anayekupeleka kambini. Na ukimwona mwenzako ana madoa, usimtengee kikombe. Mwambie alichoniambia Idi: twende wote.

Karibuni mseme. Wa kunilaumu anilaumu, sitajitetea. Mwenye swali aulize, nitajibu kadiri macho yatakavyoruhusu. Na wewe kijana mwenye picha ya shingo, kama umesoma mpaka hapa, usinijibu kwanza. Nenda hospitali. Utaandika ukirudi.